Baada ya mionzi ya ini: jinsi ya kumlinda mgonjwa katika miezi mitatu ya hatari

Baba mdogo alirudi kutoka Chennai, India, alikotibiwa saratani ya ini, akiwa mchangamfu. Alishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akitembea mwenyewe, begi begani, na jioni ile alikula wali kwa samaki akaomba aongezewe. Wiki ya sita suruali yake ikaanza kukataa kufungika. Shangazi akafurahi: "Chakula cha nyumbani kimemkubali huyu." Mimi nilimwangalia macho, nikayaona meupe, nikatulia. Tulikuwa tunajua kwamba ini likiharibika macho huwa ya njano, na yake hayakuwa ya njano.

Kumbe ule haukuwa unene, yalikuwa maji. Kituo cha kwanza tulichompeleka walimpima malaria. Cha pili walitazama tumbo wakasema saratani imesambaa, tujiandae. Daktari wa tatu, kijana tu, ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kabla yake: "Mzee alichomwa mionzi lini?"

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya familia zilizo mahali tulipokuwa sisi. Baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hutibiwa India, wengine hapa hapa nyumbani, halafu hurejea kwao. Madhara makubwa ya mionzi kwenye ini mara nyingi hayaonekani hospitalini wakati wa tiba. Hujitokeza nyumbani, hasa kati ya wiki ya nne na ya nane, waliomtibu wakiwa mbali na waliopo karibu wakiwa hawana habari kamili. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni wewe unayelala naye nyumba moja.

Mionzi inaliumizaje ini

Ini hupokea damu kutoka njia mbili: ateri, inayoleta takriban robo, na mshipa wa lango unaotoka matumboni, unaoleta sehemu iliyobaki. Damu hiyo yote huchujwa, kisha hutoka kupitia vishipa vidogo vilivyo katikati ya kila kijisehemu cha ini. Vishipa hivyo ndivyo dhaifu mbele ya mionzi. Kuta zake huvimba, hujaa nyuzi za mgando, njia ikaziba.

Aliyewahi kukaa mtaa wa Jangwani, Dar es Salaam, msimu wa masika anajua mtaro ukiziba kwa taka hutokea nini. Mvua haikatiki, maji yanaendelea kuja, hayana pa kutokea, yanapanda mpaka sebuleni. Ini nalo damu inaendelea kuingia lakini haitoki, likavimba, na majimaji yakaanza kuvujia tumboni. Kuziba huko huchukua wiki kadhaa, na ndiyo sababu mgonjwa anaweza kutoka hospitali mzima akaja kuzidiwa mwezi wa pili.

Mwaka 1965 madaktari wa Stanford, Marekani, walieleza hali hii kwa wagonjwa waliopigwa mionzi ini zima. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliogopa kuligusa ini kwa mionzi. Kilichobadilisha mambo ni mashine na kompyuta zinazoweza kulenga uvimbe na kuacha sehemu kubwa ya ini lisilo na uvimbe bila kuguswa. Hatari imepungua sana, haijaisha.

Inakuja kwa sura mbili, na kuzijua zote ni muhimu. Ya kwanza ndiyo iliyompata baba mdogo: tumbo kujaa maji, ini kuvimba, kipimo cha damu kiitwacho ALP kupanda zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida, huku macho yakibaki meupe. Ya pili huwapata zaidi wale ambao ini lao lilikuwa na makovu au homa ya ini B tangu awali: vimeng'enya vya ALT na AST hupanda zaidi ya mara tano, au ini huanza kushindwa kazi, macho yakawa ya njano. Kwa hiyo macho meupe yasikupe usingizi kama yalivyonipa mimi.

Hatua ya kwanza: jueni ni mionzi ya aina gani

Kuna mionzi inayopigwa kutoka nje kwa mashine. Inaweza kugawanywa katika siku nyingi kwa dozi ndogo, au kutolewa kwa siku chache, mara nyingi tatu hadi tano, kwa dozi kubwa iliyolengwa kwa usahihi mkubwa. Mgonjwa wa namna hii hatoki na mionzi mwilini. Mkumbatieni, kuleni naye sahani moja, awapakate watoto.

Aina nyingine hupitia ndani. Daktari huingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa mkono mpaka kwenye ateri ya ini, akamwaga mamilioni ya punje ndogo mno zenye itriamu 90, madini yanayotoa mionzi. Uvimbe wa ini hulishwa karibu kabisa na ateri, hivyo punje hukwama humo na kuuchoma kutoka ndani. Mionzi yake husafiri wastani wa milimita 2.5 tu kwenye nyama ya mwili, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 64 hivi. Kwa siku chache za mwanzo hospitali hutoa maelekezo, kwa kawaida kutolala kitanda kimoja na mjamzito au kumpakata mtoto mchanga kwa muda mrefu. Yafuateni, yakiisha maisha yaendelee.

Tofauti hii inabadilisha mnachopaswa kuangalia. Punje zikiponyoka kuelekea tumboni huleta vidonda vya tumbo. Zikivuja kwenda mapafuni huleta kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi, kwa kawaida kati ya mwezi wa kwanza na wa sita. Ndiyo maana kabla ya tiba hufanyika jaribio la kuona ni kiasi gani kitavuja. Mapafu hayatakiwi kupata zaidi ya grei 30 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa tiba moja, wala grei 50 kwa jumla. Ulizeni matokeo ya jaribio hilo.

Hatua ya pili: pimeni akiba ya ini kabla ya kukubali

Kama mgonjwa bado hajatibiwa, hapa ndipo penye nafasi kubwa ya kuzuia. Swali la kumuuliza daktari si "uvimbe una ukubwa gani?" peke yake. Ulizeni na hili: "Ini lililobaki lina nguvu kiasi gani?" Jibu mara nyingi hutolewa kwa alama za Child-Pugh, kipimo cha nguvu ya ini, na alama hizo hata nyinyi mnaweza kuzihesabu mezani mkiwa na karatasi ya maabara. Jifunzeni kuzihesabu, maana mtazihitaji tena baada ya tiba.

Vitu vitano hupimwa, kila kimoja kikipata alama 1 hadi 3. Bilirubini, ile rangi inayofanya macho kuwa ya njano, ikiwa chini ya mikromoli 34 kwa lita ni alama 1, 34 hadi 50 ni 2, zaidi ya hapo ni 3. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, ikiwa juu ya gramu 35 kwa lita ni 1, 28 hadi 35 ni 2, chini ya 28 ni 3. INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikiwa chini ya 1.7 ni 1, 1.7 hadi 2.3 ni 2, juu yake ni 3. Maji tumboni: hakuna ni 1, kidogo ni 2, mengi ni 3. Akili kuchanganyikiwa: hapana ni 1, kidogo ni 2, sana ni 3.

Tuchukue mgonjwa mwenye bilirubini 40, albumini 31, INR 1.4, maji kidogo yaliyoonekana kwenye utrasaundi, na akili timamu. Hiyo ni 2 na 2 na 1 na 2 na 1, jumla 8. Alama 5 na 6 ni kundi A, 7 hadi 9 ni kundi B, 10 hadi 15 ni kundi C. Wa kundi A huvumilia mionzi vizuri zaidi. Wa kundi B hatari yake inapanda, na dozi hulazimika kupunguzwa. Wa kundi C kwa kawaida mionzi humdhuru kuliko kumsaidia, isipokuwa dozi ndogo ya kutuliza maumivu. Kwa tiba ya punje inayogusa upande mzima wa ini, madaktari wengi husita bilirubini ikivuka 34.

Hapa nasema wazi ninachokiamini. Daktari akiwaambia mionzi haimfai mgonjwa wenu, hajamtupa. Nimeona familia ikiuza shamba kumtafutia mgonjwa wa kundi C hospitali itakayokubali kumpiga mionzi. Kukataa kule kulikuwa huruma.

Ulizeni pia kuhusu mambo yanayolichosha ini kabla ya mionzi: upasuaji wa awali, tiba ya kuziba ateri iliyotangulia, mgando kwenye mshipa wa lango, na pombe. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa ongezeni kichocho cha tumbo. Kichocho kikikaa miaka mingi huacha makovu kando ya mshipa wa lango, bandama likakua na mishipa ya koo la chakula ikavimba. Daktari wa ng'ambo huenda asikifikirie. Mwambieni mgonjwa alikulia Ukerewe, Sengerema au Rusinga na alioga ziwani utoto wake wote.

Hatua ya tatu: homa ya ini B isiachwe nyuma

Katika ukanda wetu virusi vya homa ya ini B ni moja ya visababishi vikuu vya saratani ya ini, pamoja na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Virusi hivyo vinaweza kuwa vimelala, na tiba ya mionzi ikaviamsha. Vikiamka, vimeng'enya hupanda, macho yanageuka njano, na kila mtu hudhani ni mionzi au saratani. Hili huuma zaidi kwa sababu linazuilika.

Kabla ya tiba hakikisheni kipimo cha HBsAg, kinachotafuta virusi hivyo, kimefanyika, na kikionyesha virusi, wingi wake kwenye damu nao umepimwa. Mwenye virusi huanzishwa tenofovir au entekaviri kabla ya mionzi na kuendelea baada yake. Dawa hizo haziachwi kwa sababu mgonjwa "anajisikia vizuri", wala kwa sababu zimeisha na safari ya kliniki ni mbali. Kuzikatiza ghafla pekee kunaweza kuamsha virusi kwa ukali.

Mgonjwa anayeishi na VVU na kutumia kidonge kimoja cha TLD tayari anapata tenofovir na lamivudini ndani yake, na zote hupambana na homa ya ini B. Daktari akitaka kumbadilishia dawa za VVU, aambiwe kuhusu ini kwanza. Na wote wa nyumba ile ile wakapimwe: mwenza, watoto, ndugu wa tumbo moja. Chanjo ipo.

Hatua ya nne: msiondoke hospitali bila karatasi hizi

Hili ndilo kosa letu lililotugharimu siku kadhaa. Tulirudi na dawa, na risiti, na picha tuliyopiga na wauguzi. Muhtasari wa mionzi hatukuwa nao.

Ombeni karatasi inayoeleza tarehe ya kila dozi, jumla ya grei zilizotolewa na kwa mikupuo mingapi, na wastani wa dozi iliyoingia kwenye ini lisilo na uvimbe. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayobashiri madhara, kuliko hata dozi ya uvimbe wenyewe. Kwa mionzi ya nje ya mikupuo midogo ya grei 2, wataalamu hujitahidi wastani huo usivuke grei 28 hivi kwa mwenye saratani iliyoanzia kwenye ini. Kwa tiba ya mikupuo mitatu mikubwa kikomo hushuka mpaka karibu grei 13, na angalau sentimita za ujazo 700 za ini lisilo na uvimbe hutakiwa kupata chini ya grei 15. Kwa tiba ya punje waandike ni upande gani wa ini uliotibiwa, kiasi cha itriamu, na asilimia iliyovuja mapafuni.

Chukueni pia majibu ya damu ya siku ya mwisho kabla ya tiba, diski ya picha za CT au MRI, na barua pepe ya daktari au mratibu atakayejibu maswali. Pigeni kila karatasi picha kwa simu, mtume kwa watu wawili wa familia. Halafu, kabla mgonjwa hajaumwa chochote, mpelekeeni nakala daktari atakayemwona nyumbani. Ocean Road, Bugando, Kenyatta, Mulago, popote mtakapokuwa mnaenda, faili lifunguliwe mapema.

Hatua ya tano: kalenda

Wiki mbili za kwanza uchovu, kichefuchefu, homa ndogo na maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu ni kawaida, hasa kwa tiba ya punje. Homa ya nyuzi 38 au zaidi isiyoshuka si ya kungojea.

Wiki ya tatu mgonjwa huwa na nafuu. Familia hulegea, waliokuja kusaidia wanarudi makwao. Na hapo ndipo dirisha la hatari linapofunguka. Pangeni vipimo vya damu wiki ya pili, ya nne, ya sita, ya nane na ya kumi na mbili, kama daktari wenu hakuwapa ratiba nyingine. Vipimo ni ALT, AST, ALP, bilirubini, albumini, INR, kreatinini (kipimo cha figo) na picha kamili ya damu. Haviko nje ya uwezo wa maabara ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kila kimoja kikiandikwa kando ya kile cha kabla ya tiba, hadithi huanza kujisimulia yenyewe. Bilirubini ya 30 peke yake haisemi mengi. Bilirubini iliyokuwa 14, ikawa 22, ikawa 30, inasema.

Kila mara majibu yakitoka hesabuni tena Child-Pugh. Alama zikipanda kwa 2 au zaidi ndani ya miezi mitatu, kama 5 kuwa 7, nendeni kwa daktari wiki hiyo hiyo, hata kama mgonjwa anatembea na kucheka.

Hatua ya sita: daftari la kila asubuhi

Tulinunua daftari la kurasa 96 na futi ya fundi cherehani. Kila asubuhi, baada ya kujisaidia na kabla ya chai, baba mdogo alipanda mzani. Kisha alilala chali, akatoa pumzi, nami nikazungusha futi usawa wa kitovu. Siku za mwanzo nilikuwa napima huku amesimama, nyingine amelala, na namba zikaruka ruka hadi muuguzi akanionyesha: mkao mmoja, saa moja, mpimaji mmoja. Niliweka nukta mbili za kalamu ya wino kiunoni mwake, kulia na kushoto, futi ipite hapo hapo kila siku.

Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa wiki huku mikono na mabega yakikonda, hayo ni maji. Bonyezeni kidole gumba juu ya mfupa wa mguu kwa hesabu ya kumi: shimo likibaki, andikeni. Rangi ya mkojo, rangi ya choo, na macho yatazamwe kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa.

Akili nayo hupimwa. Ini likishindwa kusafisha sumu, dalili ya kwanza mara nyingi ni usingizi kugeuka: analala mchana kutwa, usiku yu macho. Baba mdogo alikuwa mwalimu, hati yake nzuri kupita ya mtu yeyote wa ukoo wetu. Kila jioni nilimwomba aandike jina lake na tarehe. Jioni moja ya wiki ya saba herufi zilishuka chini ya mstari kama zinateleza, na mwaka aliouandika ulikuwa wa zamani. "Baba mdogo, leo tarehe ngapi?" Akanitazama kwa upole, "Si nimeshaandika, mwanangu." Alikuwa hajapata choo siku nne. Kwa mwenye ini dhaifu, kufunga choo kunatosha kumpoteza fahamu.

Msisubiri asubuhi, nendeni hospitali usiku huo huo, mkiona:
- anatapika damu, au choo cheusi kama lami chenye kunata
- anachanganyikiwa, mikono inapigapiga akiinyoosha mbele, au haamki vizuri
- homa au maumivu ya tumbo lenye maji
- hapati mkojo, au mkojo kidogo sana kwa siku nzima
- anahema, hawezi kulala chali

Hatua ya saba: mkiwa mbele ya daktari

Sentensi ya kwanza iwe hii: "Mgonjwa wetu ana saratani ya ini, alipigwa mionzi tarehe fulani, hii ndiyo dozi." Halafu wekeni daftari mezani.

Hakuna kipimo kimoja kinachosema "hii ni mionzi". Daktari hufika hapo kwa kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, na mna haki ya kuuliza kila moja imeangaliwa vipi. Je, uvimbe umekua au mshipa wa lango umeziba? Utrasaundi ya kuangalia mtiririko wa damu na CT hujibu. Njia ya nyongo je, imebanwa? Utrasaundi. Homa ya ini B imeamka? Wingi wa virusi. Maji yameingia vijidudu? Hapa lazima maji yenyewe yatolewe kidogo kwa sindano na kuhesabiwa chembe nyeupe: zile za aina ya nyutrofili zikifika 250 au zaidi kwa milimita ya ujazo, antibayotiki huanza mara moja. Msikubali mgonjwa mwenye maji mapya tumboni arudishwe nyumbani bila maji hayo kupimwa. Na je, kuna dawa au mitishamba aliyokunywa? Jibuni kweli, hata kama aliyeileta ni mama mkwe.

Ikithibitika kuwa ni mionzi, hakuna dawa inayofuta jeraha lenyewe. Kazi ni kulibeba ini mpaka lipone kadiri linavyoweza, na wengi wa sura ile ya kwanza hupata nafuu ndani ya miezi michache, ingawa wapo ambao ini hushindwa moja kwa moja. Spironolaktoni, mara nyingi pamoja na furosemaidi, huondoa maji kupitia mkojo. Potasiamu, sodiamu na figo zifuatiliwe. Tumbo likiwa gumu kama ngoma maji hutolewa kwa sindano, na yakizidi lita 5 mgonjwa hupewa albumini ya mshipani, takriban gramu 8 kwa kila lita iliyotoka, figo zisianguke. Laktulosi hutolewa ili apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku mbili za laktulosi mwalimu wetu alirudi kuandika juu ya mstari.

Baadhi ya madaktari hujaribu predinisoloni, dawa ya steroidi, au dawa ya kulainisha nyongo. Ushahidi wa kuwa zinasaidia ni mdogo. Kwa mwenye homa ya ini B, predinisoloni bila dawa ya virusi ni hatari, kwa hiyo mkumbusheni daktari.

Jikoni na kwenye kabati la dawa

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kutuliza maumivu zitoke nyumbani kabisa. Zinaweza kuua figo za mwenye maji tumboni na kutoboa tumbo. Parasetamoli inaruhusiwa, kwa kawaida isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, na zile dawa za mafua za duka la dawa hesabuni maana nyingi zina parasetamoli ndani. Dawa za usingizi, hapana. Pombe, hapana, pamoja na mbege na mnazi. Miraa nayo iachwe. Imehusishwa na kuumia kwa ini kwa watumiaji wake.

Mitishamba ni jambo gumu kwetu, kwa sababu anayeileta huileta kwa upendo. Tulimwambia shangazi hivi: ini ni kidonda kwa sasa, kila kitu kigeni kinapita juu ya kidonda hicho. Akaelewa, akaanza kuleta mayai.

Na mayai ndiyo aliyoyahitaji. Kuna imani ya zamani kwamba mgonjwa wa ini asile nyama wala maharage. Imeshaachwa. Anahitaji protini kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku: mayai, samaki wabichi waliopikwa siku hiyo, mtindi, kunde, kuku. Ale kidogo kidogo mara tano au sita, na kabla ya kulala apate kikombe cha uji wenye maziwa, maana ini dhaifu halina akiba ya kuuvusha mwili usiku kucha. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichopigwa mstari, ikiwemo iliyomo kwenye mkate. Ng'onda, dagaa wa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti viondoke mezani. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vifanye kazi yao.

Mahindi na karanga chagueni moja moja. Zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zisisagwe, zisipewe kuku pia. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ini lililotoka kwenye mionzi halina cha kujitetea nacho.

Baada ya mwezi wa tatu

Dirisha kubwa linafungwa, madhara ya taratibu yanabaki: njia za nyongo kusinyaa, vidonda vya tumbo visivyopona, bandama kukua na mishipa ya koo kuvimba. Picha ya CT au MRI na kipimo cha AFP, alama ya saratani ya ini kwenye damu, hufanywa kila miezi mitatu hivi. Msishtuke ripoti ya kwanza ikisema uvimbe bado upo na bado unapokea damu. Baada ya mionzi ya kulenga hali hiyo inaweza kuendelea miezi mingi huku uvimbe ukiwa umeshakufa. Upande wa ini uliopigwa husinyaa na upande mwingine hukua kufidia. Picha isomwe na mtu anayejua tarehe ya mionzi, kando ya zile za zamani.

Wiki ya saba futi ilisoma sentimita 97. Mwezi wa tano ilisoma 84, na nukta za wino tulishaziacha zifutike. Kuanzia hapo tulipima mara moja kwa wiki, Jumapili asubuhi kabla ya chai, na baba mdogo aliandika namba mwenyewe.